Loise Nasambu Lubega, Aliyesimama Kando ya Msemaji

Ndugu zetu wa Juba, mliotoka Gudele, Nesitu na Bilpam, na ninyi mliosafiri kutoka Masaka na Kimilili, poleni na asanteni. Wasifu huu umeandikwa na Wafula, mjomba wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Umechapwa kwenye ratiba mliyo nayo mkononi, kuanzia ukurasa wa tatu. Mnaombwa mfuate kwa kidole anaposoma, na akiruka mstari mmoja mumpigie kelele bila aibu, hata kama padri yupo. Sababu ya ombi hili mtaiona mbele.

Loise Nasambu alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 12 Aprili 1985 huko Kamukuywa, karibu na Kimilili, Bungoma. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Barasa na Mama Selina Nanjala. Wafula ni mdogo wake Mama Selina. Kwa miaka arobaini amesimulia, kila Krismasi, jinsi alivyomfuata mkunga kwa baiskeli usiku ule, na kila mwaka mlima umezidi kuwa mkali na mvua imezidi kuwa nyingi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mkunga alikuwa jirani, na baiskeli ilikuwa na pancha. Wafula alitembea hatua mia moja hivi. Haya yamesemwa mapema ili waombolezaji wajue ni mtu wa namna gani anayewasomea.

Alisoma katika shule ya msingi ya pale pale Kamukuywa na kumaliza darasa la nane mwaka 1999, kisha sekondari hadi 2003. Elimu hiyo ilimpita mjomba wake kwa mbali, maana Wafula aliachana na darasa la sita baada ya yeye na hesabu kushindwa kuelewana. Alipokuwa darasa la saba, mhubiri mgeni alikuja shuleni akihubiri kwa Kiingereza, na mwalimu mkuu akamteua Loise amfasirie kwa Kiswahili. Mhubiri akisema kwa dakika mbili, Loise naye alisema kwa dakika mbili. Mhubiri aliposahau aya, Loise akawatangazia wanafunzi, "Anasema amesahau." Na mhubiri alipoinama kumnong'oneza mwalimu mkuu kwamba chai aliyopewa ilikuwa baridi, Loise akalifasiri hilo pia, kwa sauti ile ile ya Injili. Alichapwa viboko viwili. Jioni Wafula alimtania, "Wewe mtoto huna kichujio." Akajibu bila kutabasamu, "Lakini mjomba, chai ilikuwa baridi."

Baada ya masomo ya uhazili mjini Eldoret, alifika Juba tarehe 19 Agosti 2008 kwa basi la kupitia mpaka wa Nimule, na akapokelewa na mjomba wake. Wafula alikuwa amekaa hapa miaka miwili tayari. Alikuja akiwa turniboi, yaani utingo wa lori, akakijua Kiarabu cha Juba ndani ya miezi miwili (hili si la baiskeli, waulizeni wazee wa soko), na akawa mkalimani wa wafanyabiashara wa Uganda na Kenya katika mahakama moja ya kimila upande wa Gudele. Mahakama hiyo ilikaa kila Jumatano chini ya paa la mabati, na mkuu wake tunamwita sultani, kama wanavyoitwa hapa wakuu wote wa mahakama hizo. Mganda akigombana na mwenyeji, Wafula alisimama ubavuni mwa meza ya sultani, mkono mmoja mezani kama mwenye nyumba, akachukua maneno ya watu na kuyapeleka. Yakiwa makali aliyapoza, na yakiwa marefu aliyakata. Watu walimwita Mzee wa Amani, na yeye alilipenda jina hilo kuliko jina alilobatizwa.

Loise alifanya kazi ya mapokezi hotelini kwa miaka mitatu, na kila Jumatano aliyokuwa na nafasi alikuja kumtazama mjomba akifanya kazi. Wafula alidhani anajifunza. Siku moja, wakirudi nyumbani, Loise alimwambia, "Mjomba, yule mama alisema mambo manne. Sultani amesikia mawili."

"Hayo mengine mawili yalikuwa matusi."

"Si yalikuwa yake?"

"Mwanangu, hapa si shule. Hapa tunatafuta watu walale salama. Khalas, yameisha."

Hakubishana. Mwaka 2012 alianza kufasiri mwenyewe, na siku ya kwanza tu alifanya jambo ambalo halikuwa limeonekana pale. Alitoka mezani kwa sultani, akavuka uwanja, akaenda kusimama kando ya mwanamke aliyekuwa akisema, bega kwa bega. Kila mama alipomaliza, Loise alimrudishia maneno yake kwanza na kumwuliza, "Ndivyo ulivyosema?" Mama akikubali ndipo yalipokwenda kwa sultani. Na hakusema "huyu anadai". Alisema "mimi". "Mimi nilifukuzwa." "Mimi sikutia sahihi." Wazee walicheka siku hiyo, wakauliza kama mkalimani naye amefukuzwa. Sultani aliwanyamazisha. Alisema ndiyo mara ya kwanza amesikia sauti ya mwanamke kwenye uwanja wake.

Wafula alicheka kuliko wote. Aliwaambia watu kwamba huyo mtoto ataongeza urefu wa kila kesi hadi tufie pale. Lakini mwaka haukuisha kabla wakalimani wengine hawajaanza kusimama kando ya wasemaji. Wanawake wa sokoni wakaanza kukataa kusema kabla hawajarudishiwa maneno. Hata watu wawili wakigombania kivuli cha kuegesha bodaboda, utasikia mmoja anasema, "Nirudishie kwanza nilichosema." Watoto wa Gudele wanaucheza kama mchezo. Mwaka 2015 Loise aliajiriwa na ofisi ya msaada wa sheria, na hapo akaandika utaratibu wake kwenye karatasi moja, mistari saba, ambayo leo imebandikwa ukutani katika mahakama nne za mji huu. Hakuna sheria iliyobadilishwa. Sheria ni zile zile, na sultani ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali mkalimani anaposimama.

Tarehe 6 Desemba 2014 alifunga ndoa takatifu hapa Juba na Bwana Fred Lubega, fundi umeme kutoka Masaka, mtu mpole, ambaye wakati wa uchumba alihojiwa na mjomba wa bibi harusi kwa saa tatu juu ya nyaya. Vita vya Julai 2016 viliwakimbiza hadi Masaka, na huko akazaliwa binti yao wa kwanza, Mirembe. Walirudi Januari 2017. Tarehe 2 Februari 2019 akazaliwa Olivia, na ni kwa sababu ya furaha hiyo kwamba mjomba aliombwa kitu kidogo.

"Mjomba, nishikie nafasi yangu Jumatano tatu tu," Loise alimwambia, mtoto akiwa kifuani. "Lakini simama pale ninaposimama."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kusimama," Wafula akajibu.

Jumatano ya tarehe 13 Februari 2019 ilikuja kesi ya Milly. Milly ni Mganda, anapikia madereva wa malori huko Nesitu, na amekubali jina lake litajwe hapa. Alikuwa amezaa mtoto na Bwana Emilio, mwenyeji wa Gudele, na wakaachana. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Alikuwa kwa babake, na mama alikuwa amekuja kumdai. Ndugu za Emilio walisema mama mwenyewe aliwakabidhi mtoto. Sultani akamgeukia Milly, na Milly akasema. Alisema kwa sauti ya juu, akilia, akiwanyooshea kidole wazee, na Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani.

Wafula alikuwa amesimama ubavuni mwa meza, mkono mmoja mezani. Aliona nyuso za wazee zinakunjamana. Aliona mwanamke atatozwa faini kwa kuwadharau, na kesi itageuka kuwa nyingine. Joto lilikuwa kali, na kesi tano zilikuwa zinangoja. Basi Mzee wa Amani akageuka kwa sultani na kusema kwa Kiarabu kizuri, "Anasema mtoto yuko kwa babake, naye hana neno." Akaongeza kwamba anaomba tu kumtembelea. Karani akaandika. Sultani akaamua mtoto abaki kwa babake, na mama amtembelee kwa ruhusa ya wazee. Wazee wakampa Wafula mkono. Milly hakujua Kiarabu. Aliuliza, "Amesema nini?" na Wafula akamwambia, "Mafi mushkila, mama, hakuna shida. Utamwona mtoto wako."

Ruhusa hiyo haijawahi kutolewa. Ni miaka sita na miezi minane.

Jioni ile Wafula alikwenda kumwona Olivia, akamwambia Loise kwamba kesi sita zimeisha kabla ya saa nane, na kwamba yeye zingemchukua siku nzima. Loise alicheka na kumshukuru. Shukrani hiyo mjomba wake aliipokea, akaila na wali.

Ukweli ulijitokeza Juni mwaka huu. Kila Ijumaa, Loise alipokwenda kumchukua Mirembe shuleni, alimwona mwanamke amesimama ng'ambo ya barabara akiwatazama watoto wakitoka, kisha anaondoka bila mtoto. Ijumaa ya nne alivuka akamwuliza anamtafuta nani. Milly akamwonyesha msichana mwenye mkoba wa bluu, rafiki wa Mirembe, aliyewahi kulala nyumbani kwa Loise mara mbili, akasema ni mwanawe, na kwamba mahakama ilimwacha kwa babake. Loise akamwuliza, "Mahakamani ulisema nini?" Milly akamwambia. Jumatatu Loise akaomba kumbukumbu ya kesi, akasoma ilivyoandikwa, na chini yake akakuta jina la mkalimani.

Alikuja nyumbani kwa mjomba mchana, karatasi ikiwa ndani ya gazeti. Wakati huo figo zilikuwa zikimsumbua Loise kwa mwaka wa tatu, na miguu yake ilikuwa imevimba. Hakuketi.

"Mjomba, siku hii ulisemaje?"

"Nilifanya amani."

"Sikuulizi ulifanya nini. Nakuuliza ulisema nini."

Wafula akaanza kueleza joto, wazee, kidole alichonyoosha yule mwanamke. Loise alingoja mpaka akaishiwa.

"Na ulisimama wapi?"

Wafula akamvutia kiti. Loise akamwambia kwamba kesi inaweza kufunguliwa upya katika mahakama ya juu iwapo mkalimani ataapa na kusema maneno yalivyokuwa. Hati ya kiapo, ukurasa mmoja. Alikuwa ameshaichapa, imebaki nafasi ya maneno na ya sahihi.

"Bukra," Wafula akasema. Kesho.

Ilikuwa bukra ya Juni, ikawa ya Julai. Agosti Wafula alikuwa na safari za kuona lori Nesitu, na lori hilo hakuna aliyewahi kuliona. Septemba alikaa kwa kinyozi wa Bilpam kutwa nzima kila siku ambayo Loise alikuwa na nafasi, na kwa mtu mwenye upara kama wake, hata kinyozi alianza kushangaa. Hakuogopa sultani, wala hakuogopa Emilio. Aliogopa siku ambayo watu wa Gudele wataanza kujiuliza, kila mmoja kuhusu kesi yake, miaka kumi na mitatu ya Jumatano: mimi nilisema nini, na yeye alipeleka nini? Aliogopa kuambiwa Mzee wa Amani halafu watu wacheke. Loise hakumwambia mtu yeyote, hata Fred. Alipanga tarehe ya kesi, Jumatatu tarehe 20 Oktoba, akaacha nafasi ya sahihi wazi.

Ugonjwa wa figo ulikuwa umegunduliwa Machi 2023. Loise alitibiwa hapa Juba na Kampala, akaendelea kufanya kazi akiwa na chupa yake ya maji iliyopimwa na daktari, glasi ngapi kwa siku. Tarehe 6 Oktoba 2025 alilazwa. Daktari Omondi, Mkenya mwenzetu, alimhudumia kwa upendo, na familia inamshukuru yeye na wauguzi wote.

Jumanne ya tarehe 14, Wafula alikwenda kumwona. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na bibi mmoja, Mama Abang, asiyejua Kiingereza wala Kiswahili. Daktari Omondi alipofika akauliza kama kuna mtu wa kumsaidia kuongea naye. Wafula akainuka kwa fahari, kwa maana hilo ndilo jambo analoweza. Mama Abang akasema kwa muda, kwa Kiarabu. Wafula akamwambia daktari, "Anasema mgongo unamuuma, na usiku hapati usingizi."

Loise alikuwa amefumba macho. Sote tulidhani amelala.

"Na la tatu, mjomba?"

La tatu lilikuwa la aibu. Mama Abang alikuwa amesema dawa anazopewa anameza nusu, nusu nyingine anamtunzia dadake aliye nyumbani. Wafula aliona hapaswi kumwaibisha mzee mbele ya daktari kijana. Sasa akalisema. Daktari akavuta kiti, akaketi, akaanza upya na bibi yule kutoka mwanzo, na kesho yake dadake akaletwa naye akapewa dawa zake.

Loise hakusema lolote kuhusu hati ya kiapo siku ile. Alimwomba mjomba amsogezee mto. Wafula alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, na yaliyompata huko hayataandikwa kwenye ratiba.

Jumatano alikwenda kwa ofisa wa viapo. Alifika mlangoni. Kwenye benchi alimwona mtu ambaye aliwahi kumfasiria kesi ya ukuta mwaka 2010, na mtu yule akamsalimu kwa furaha, "Mzee wa Amani!" Wafula akamwitikia, akapita kana kwamba alikuwa akienda kwingine. Alijiambia bukra. Bukra ilikuwa Alhamisi tarehe 16 Oktoba. Loise alifariki siku hiyo saa nne na dakika kumi asubuhi, mumewe akimshika mkono, akiwa na miaka arobaini na miezi sita. Mjomba wake alifika saa sita, bila karatasi.

Loise alikuwa ameacha maandishi kwamba azikwe hapa Juba. Wazee wa Kimilili walipiga simu, wa Masaka wakapiga simu, kila upande ukimtaka kwao. Fred akamkabidhi Wafula karatasi ile ili awasomee kwenye simu. Kulikuwa na mstari unaosema, "Mjomba atajaribu kulipoza hili." Aliusoma. Kwenye simu Mama Selina akacheka huku akilia, na mambo yakaishia hapo. Katika ukoo wetu hiyo ni mara ya kwanza karatasi kuwashinda wazee.

Jana Ijumaa, asubuhi, Wafula alikwenda Nesitu. Safari hii hakukuwa na lori. Alimkuta Milly akipuliza moto chini ya sufuria ya maharage, na akasimama kando yake, bega kwa bega, kama alivyopaswa kusimama. Alimsomea alichoandika kwenye hati, kisha akauliza, "Ndivyo ulivyosema?"

Milly akakoroga maharage. "Iko nusu," akasema. "Wewe iko acha moja."

"Lipi, dada?"

"Mimi nilisema jina yake. Hao wote walisema mtoto, mtoto, kama mbuzi. Mimi nilisema jina. Na wewe ulitupa hata jina."

Wafula hakuwa amelisahau tu. Hakuwahi kulisikia. Aliandika upya pale pale kwenye benchi la madereva, akamrudishia, na Milly akasema, "Sasa ni yote." Saa nane mchana hati iliapwa na kupigwa mhuri, na jioni mwenye kuchapa ratiba alikubali kungoja. Maneno ya Milly ya tarehe 13 Februari 2019, yaliyochelewa kufika, ni haya:

"Mimi hapana toa mtoto. Hao iko kuja kuchukua yeye mimi nikiwa Nesitu, napika chakula ya madereva. Hapana uliza mimi. Jina yake iko Pearl. Mimi nataka Pearl yangu."

Waliokuwa wakifuata kwa kidole wataona kwamba hayakurukwa. Na yeyote kati yenu aliyewahi kufasiriwa na Wafula, anayetaka kujua alipeleka nini, aje amwulize. Atajibu anachokumbuka, na asichokumbuka atasema hakumbuki.

Loise ameacha mume, Fred Lubega. Mabinti wawili, Mirembe na Olivia. Mama mzazi, Selina Nanjala. Ndugu watano, wapwa kumi na mmoja, wakwe wa Masaka na wafanyakazi wenzake wa ofisi. Ameacha mistari saba ukutani katika mahakama nne. Ameacha kesi moja, itakayosikilizwa Jumatatu saa tatu asubuhi, na mjomba mmoja ambaye atasimama huko kando ya Milly, mbali na meza. Wenye nafasi waje, na waje na ratiba hii.

Mungu ampe Loise wetu amani na mapumziko aliyoyafanyia kazi. Wafula hajaomba kupumzika. Ana zamu Jumatatu, kwenye nafasi aliyoombwa kuishika.